Anaimbia kabatini, kati ya nguo za marehemu mama yake

Saa nane mchana, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja anafungua kabati la nguo, anainama, anaingia na gitaa lake na kujifungia. Mgeni angeita watu. Majirani walishazoea, wao humwita Kelele, na jina hilo ndilo analoliandika kwenye albamu zake.

Kelele ni mwanamuziki wa roki. Hana kampuni inayomsimamia wala meneja. Hutunga mwenyewe, hupiga gitaa, hurekodi na kupandisha nyimbo mtandaoni. Asubuhi huuza viatu dukani. Muziki haujawahi kumlisha. Onyesho lake la mwisho lilipata watu kumi na wanane, na sita kati yao, anakiri, walikuwa wamekimbia mvua.

Kabati lilikuwa la mama yake, muuguzi aliyefariki mwaka jana. Makoti yake, magauni mazito na sweta za zamu ya usiku bado vimening'inia humo, na hiyo ndiyo studio ya Kelele. Nguo humeza mwangwi, sauti ikatoka kavu na ya karibu. Studio ya kulipia hana ubavu nayo.

"Mama hakuupenda muziki wangu hata kidogo," anasema. "Alikuwa anagonga ukuta kwa kiatu ninyamaze. Leo nguo zake ndizo zinanifanya nisikike vizuri."

Anacheka.

Ugomvi umezuka kati yake na dada yake mkubwa, anayesema nguo za marehemu zinaliwa na nondo huku ndugu wanatetemeka kwa baridi. Mwezi uliopita dada alikuja Kelele akiwa kazini, akabeba sweta zote. Jioni Kelele aliporekodi, sauti ilitoka kama ya mtu aliye bafuni. Akampigia dada simu azirudishe, akamweleza mambo ya mwangwi, na dada akaona anafanyiwa mzaha juu ya msiba. Yakasemwa ya kusemwa, wakanuniana.

Dada mwenyewe, ambaye leo ameketi sebuleni kwa Kelele ameshika tama, hana la kuficha.

"Mdogo wangu ana kichwa kigumu tangu utotoni. Lakini shangazi yetu mzee, analala na shuka moja. Nimwambie nini? Kwamba koti la marehemu liko kazini, linaimba?"

Hatimaye dada alizirudisha sweta kwa muda, wakakubaliana kwamba Jumamosi nguo zote zitoke. Kelele aliomba kwanza amalize albamu ya nne. Nyimbo nane ziko tayari. Umebaki mmoja, wa kumuaga mama, na huo umemshinda. Kila akifika kwenye kiitikio, harufu ya mafuta ya mama iliyobaki kwenye kola inamkatisha wimbo. Wiki nzima amejaribu, akaambulia kilio, na mashine imekirekodi kilio hicho vizuri kabisa.

"Watu wananiambia jikaze kisabuni," anasema. "Nimejikaza. Lakini huwezi kumwambia mtu kwaheri huku umejifunika koti lake."

Leo anatoka kabatini bila kuimba hata ubeti mmoja. Anaweka gitaa kitandani na kuanza kuzitoa nguo mwenyewe, moja moja, kabla ya siku waliyopanga. Koti la kijivu ni la shangazi, anamwambia dada, ambaye amekuja mlangoni na anapokea. Uchungu umewajaa wote wawili, na hakuna anayejaribu kuuficha.

Mpango wake ni kuurekodi wimbo wa tisa humohumo, kabati likiwa tupu. Dada ameomba awepo. Kelele anajua fundi yeyote wa sauti atamwambia ameharibu kazi, maana mwangwi utasikika mwanzo hadi mwisho.

"Acha usikike," anasema, akimpa dada gauni la mwisho. "Kwenye nyimbo nane mama yupo. Kwenye huu wa tisa, nataka wasikie kwamba ameondoka."