Chupa Zilizotibiwa Changamwe

Kila anayekwenda kwenye zahanati yetu ya Changamwe huenda na chupa yake, maana serikali hutoa dawa, haitoi chupa. Juzi tulizipanga mlangoni zitushikie foleni, nasi tukakaa barazani kubishana kama ilivyo ada.

Kuli mmoja wa bandarini akasema matajiri walazimishwe kuwatibia vibarua wao.

"Wallahi, wakilazimishwa watatukata mshahara," akajibu mzee mwenye kilemba.

Bibi mmoja aliyejishika kiuno akasema vita vimekwisha lakini bei ya unga haijashuka, na mwenye njaa haponi kwa dawa.

Sauti zikapanda. Tulipogeuka, dresa, yule msaidizi wa daktari, alikuwa amekwisha kuzijaza chupa zote kutoka debe moja la dawa, anafunga mlango.

"Mwanangu," bibi akamwita, "mbona hujaniuliza naumwa wapi?"

"Mama, yako imeshatiwa," akasema, akiionyesha kwa ufunguo.

Kila mtu akaokota chupa yake. Wakubwa wa serikali Nairobi wakiambiwa kwamba Changamwe sote tumetibiwa, siwezi kukanusha. Chupa zetu zilihudumiwa vizuri sana.

Mimi nilikwenda kung'olewa jino.