Wimbo wa Mwisho Hauna Dramu

Tulikuwa bendi ya roki, na Kilosa hilo lilihitaji maelezo kila siku. Wazee waliotuona tumebeba magitaa waliuliza tunapiga kanisa gani. Mikumi, kwenye baa za barabarani, madereva wa malori walivumilia nyimbo mbili kisha wakaomba kitu cha kuchezeka. Tuliwapa, halafu tukarudia kelele zetu. Mimi nilikuwa mpiga dramu, mtu wa nyuma, na sikio langu la kulia halijapona mpaka leo.

Mwimbaji wetu alituzidi wote umri. Tulimwita dada na kumwamkia shikamoo kabla ya kupanga vyombo. Kisha akapatwa na uvimbe kooni. Daktari alimwambia lazima apasuliwe, na kuhusu kuimba tena hakumpa ahadi yoyote. Akatuita, akasema bendi iishe naye, ila kwanza turekodi albamu. Hakuna aliyebisha. Nani angesimama mahali pake?

Mjomba wa mpiga gitaa alikuwa na ghala la mpunga Kilangali, akatuachia. Magunia yaliyopangwa mpaka karibu na bati yalimeza mwangwi wote, na kwa hilo hakuna studio ya mjini iliyotuzidi. Vumbi la pumba lilitukaba, dada akawa anajifunga khanga puani mpaka zamu yake ifike. Sauti yake ilikuwa inakwisha na sote tulijua. Asubuhi ilikuwepo, mchana ikakwaruza, jioni akawa ananong'ona. Kila wimbo uliokamilika tuliupokea kama ndoo ya maji kutoka kisima kinachokauka.

Ukabaki mmoja, aliotunga mwenyewe, kuhusu mama anayemwita bintiye atoke shambani kabla ya mvua. Ulipangwa uanze kwa gitaa na sauti, halafu mimi na mpiga besi tuingie kwa nguvu. Alipomaliza mstari wa kwanza umeme ukakatika. Gitaa likafa, taa zikazimika. Kompyuta ya kurekodia ilikuwa na chaji, kipaza sauti kikaendelea kunasa, na dada, macho ameyafumba, hakunyamaza.

Aliendelea peke yake. Ikafika sehemu yangu, mikono ikagoma. Miaka yote niliyokaa nyuma yake nilikuwa namsikia kupitia spika, tena chini ya vishindo vyangu mwenyewe. Sasa nilisikia sauti ilivyo, nzito, yenye ufa katikati, na kabla ya kila mstari nilimsikia akivuta pumzi. Vinyweleo vilinisimama. Nililia, na sioni haya kusema hivyo. Kitu kikubwa namna ile kilikuwa hatua chache mbele yangu, na mimi kazi yangu ikawa kukipigia makelele!

Alipomaliza hakuna aliyesogea. Yeye ndiye aliyegeuka.

"Mbona hukuingia?"

"Nilikuwa nakusikiliza, dada."

Akacheka kidogo, akafuta jasho kwa khanga.

Umeme uliporudi tulitaka kuurudia wimbo, safari hii na vyombo vyote. Akasogelea kipaza sauti, akafungua mdomo, ikatoka pumzi tu. Akajaribu tena. Kisha akavua hedifoni, akaziweka juu ya gunia, akatuomba radhi kwa kiganja kifuani. Mpiga gitaa alitoka nje akakaa huko muda mrefu.

Alipasuliwa, akapona. Siku hizi anauza vitenge Dumila, na ili kumsikia inabidi niinamishe kichwa, maana alichobaki nacho ni mnong'ono. Nikimwamkia, marahaba yake naisoma midomoni. Nyimbo zetu zimesambaa kwenye simu za watu, na wengi huniuliza kwa nini ule wa mwisho sikupiga. Nawaambia nimo. Waongeze sauti pale dramu zilipopaswa kuingia, watasikia mgongano mdogo wa mbao. Ni mimi, naweka vijiti sakafuni.