Taulo la Jirani Yangu Mjapani

Haya, chekeni kabisa mmalize, maana aibu hii nimeibeba peke yangu na imenichosha.

Mnajua nilikuwa nakaanga sambusa nyumbani kwangu hapa ughaibuni, mjini New Hope, nikiwauzia watu (kimyakimya, maana mkataba wa nyumba haukubali biashara), na ndizo zilizokuwa zikimsomesha mwanangu. Basi akahamia mlango wa pili mama wa Kijapani, na hata wiki haijaisha akabisha, akainama, akanipa kifurushi kimefungwa vizuri. Nikamwambia karibu ndani, akakataa, akarudi kinyumenyume akitabasamu (tabasamu gani lile!). Kufungua, nakuta taulo na sabuni ya kufulia.

Sabuni! Mimi, mtu wa Mombasa, ninayejifukiza udi!

Nikampigia Salim, ndugu yangu aliyesoma Japani.

"Dada, hao hawakwambii kitu usoni. Mimi kwenye treni kiti cha pembeni yangu kilikuwa kinabaki kitupu na watu wamesimama. Huyo anasema unanuka mafuta, next ata-report kwa office."

Maneno hayo yakaniingia. Akifungua dirisha, nasema ni harufu yangu. Akinipisha kwenye ngazi, nasema ananikimbia. Nikaona bora nimuwahi. Nikavaa buibui jipya, nikashuka ofisini kwa meneja wa nyumba na lile taulo mkononi, wapangaji wamejaa wakingoja vifurushi vyao, nikapaza sauti: "Yule mama wa Kijapani ni mbaguzi! Eti sambusa zangu zinanuka, na wateja wangu wote hakuna aliyewahi kulalamika!"

Meneja akatoa taulo kama langu, na sabuni yake, chini ya meza. Mzee mmoja nyuma yangu akasema naye analo.

"Ametupa sote," meneja akasema taratibu. "Kwao anayehamia ndiye huwaendea majirani na zawadi, awaombe wamvumilie. Aliogopa hatutamtaka." Kisha akanitazama. "Wateja gani, mama?"

Jamani! Jirani hakuwa amesema neno, nimejichongea kwa mdomo wangu mwenyewe.

Biashara imekufa, nimerudi kwenye zamu za kutunza wazee ili mwanangu asikatize masomo. Nimeapa: mtu akinipa kitu nitasema ahsante, na la moyoni mwake nitamwachia aliseme mwenyewe. Jana nilikwenda kumwomba radhi yule mama, maana habari zilimfikia. Nikabisha, nikasikia nyayo zinakuja, zikasimama nyuma ya mlango, kisha zikarudi ndani polepole.