Desktop yangu ilivyoponea chupuchupu kwa mayai ya mama mkwe

Wakuu, habari za mchana. Kaeni vizuri, leo najisifu, na sitii chumvi hata chembe.

Mimi ni mama wa stationery huku Mlali, Kongwa. Nguzo za umeme hazijafika kitongojini kwetu, tunategemea solar na betri moja.

Betri hiyo inabeba desktop yangu ya kazi pamoja na mashine ya mama mkwe ya kutotolesha vifaranga.

Sasa, mama mkwe alipanga trei nzima ya mayai ya kienyeji. Siku ya kumi na mbili, asubuhi, tukakuta mashine imezima. Betri hoi, mayai ya baridi.

Hakupiga kelele. Alikuja hadi mlangoni kwangu akanyooshea kidole CPU.

"Mama Neema, hili dude linakula. Nikipanga trei nyingine nisilikute."

Nikabisha! "Mama, si limepumzika tu? Ona, samaki wanaogelea."

Nyie, ile screensaver ya samaki miaka yote nilijua inaokoa umeme! Ndiyo maana nilikuwa naiacha desktop inawaka kutwa, mteja awepo asiwepo.

Nikaenda Dodoma mjini, fundi wangu wa Kizota akaniazima kipima wati. Unakichomeka kwenye soketi, kompyuta unaichomeka juu yake.

Wati 92. Na sijaigusa! Niliona aibu mwe.

Nikaifungua. Ina graphics card ya games, ya mwenye nayo wa kwanza. Mimi games nacheza saa ngapi? Nikaing'oa. Hard disk ya pili, mbovu, nikachomoa.

Power plan, ule mpangilio wa matumizi ya umeme, ilikuwa High performance, yaani nguvu zote muda wote, niliiweka mwenyewe kwa ujeuri wangu. Nikarudisha Balanced. Nikaingia BIOS, ile mipangilio ya kabla Windows haijawaka, nikawasha C-states, ili processor isinzie ikikosa kazi. Samaki nao kwaheri, kioo kinazima baada ya dakika mbili.

Ikasoma 29. Nilipiga kigelegele hadi mteja akauliza nani anaolewa.

Nikamwendea mama mkwe. "Mama, nipe trei moja ya mwisho. Yakipoa, desktop naiondoa mwenyewe." Na hiyo desktop ndiyo kazi yangu, sina nyingine.

Siku ishirini na moja roho juu. Ya mwisho nikasikia milio ndani ya mashine. Vifaranga ishirini na sita! Nililia jamani, sioni haya kusema.

Nilichojifunza: kompyuta iliyokaa bure haijazimwa, inakula. Na usibishane na mkwe kabla hujapima.

Kipimo nilinunua changu. Kila asubuhi mama mkwe anaingia, na kabla sijamaliza shikamoo ameshainama kukisoma.

"Leo linakula ngapi?"

"Ishirini na tisa, mama."

"Haya, fungua duka."

Wenye desktop, za kwenu zinakula ngapi zikikaa bure? Aliyeshuka chini ya 29 aje anifundishe, ila aje na picha ya kipimo, mama mkwe haamini maneno matupu.