Kisu Ni cha Asubuhi Moja

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, mwanangu, miaka ile dhahabu ilipowatoa watu mashambani, nilipokuwa mvuta kamba kwenye duara moja huku kwetu Tarime. Duara ni shimo la kulifuata jiwe lenye dhahabu huko liliko. Mchimbaji anashuka, na mvuta kamba anabaki juu, anazungusha gogo kwa mpini, akimshusha na kumpandisha mwenzake pamoja na ndoo za mawe. Mimi nilikuwa wa juu. Chini alikuwa Marwa wa Gorong'a, rafiki yangu tangu tukichunga ng'ombe. Tulitahiriwa msimu mmoja, tukasimama bega kwa bega mbele ya kisu, na hakuna aliyepepesa jicho.

Nakwambia haya kwa sababu juzi ulipokuja kutoka Natta, kwenye hiyo kambi ya watalii unakopika, nilikuuliza kazi inaendaje ukanijibu, "Nzuri tu, baba." Halafu ukasinzia kijiko kikiwa mkononi. Mama yako alicheka. Mimi sikucheka, maana hilo "nzuri tu" nalijua. Nililisema mimi kabla hujazaliwa, na lilinipotezea mtu ambaye hadi leo nina hamu naye.

Mkuu wa duara letu alikuwa Mzee Wambura, fundi wa matimba, yaani zile nguzo zinazozuia kuta za shimo zisiporomoke. Alikuwa na sheria zake, na sisi tulizicheka akigeuka. Ndoo ya thelathini ikifika juu, mvuta kamba anaachia mpini, anakaa chini, anakunywa uji wa wimbi, apende asipende. Na kabla mtu hajapandishwa, anauliza kutoka chini, "Upo?" Wa juu anajibu, "Nipo." Kama huna hakika na mikono yako unasema, "Sipo," na mwingine anashika mpini bila kukuuliza kitu. Hakuna aibu, mzee alituambia. Sisi vijana tuliiona aibu hiyo ikiwa kubwa kuliko shimo lenyewe. Miezi yote niliyokaa pale sikuwahi kumsikia hata mmoja wetu akisema "sipo".

Mimi nilikuwa na langu moyoni. Nilimpenda msichana wa Susuni, nikasikia kuna mtu wa ng'ambo ya mpaka ameanza kufika kwa baba yake mara kwa mara. Ng'ombe wa mahari sina. Basi nikaomba zamu za wenzangu, nikawa navuta asubuhi na kuvuta mchana. Uji nikauruka. Nikawa mtu wa hasira, nagombana hata na ndoo. Marwa aliniuliza siku mbili tatu, "Mwita, una nini wewe?" Nikamjibu, "Sina kitu." Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyaficha maradhi yangu kwa mtu aliyekuwa akining'inia kwenye mikono yangu.

Asubuhi hiyo nilishapita ndoo ya thelathini na sikumwambia mtu. Mzee Wambura alikuwa kando akichonga nguzo. Marwa akaweka mguu kwenye kitanzi cha kamba, akaita kutoka chini, "Upo?"

"Nipo!" nikajibu kwa sauti kubwa.

Nikaanza kuzungusha. Mikono ilikuwa pale, moyo ulikuwa Susuni, unapanga maneno ya kumwambia baba wa msichana. Mshika mbili moja humponyoka. Vidole vilifunguka vyenyewe, mwanangu, kama vya mtoto aliyepitiwa na usingizi. Mpini ukanitoka, gogo likazunguka kinyume, na Marwa akaenda chini. Mzee alitupa shoka akausukuma ule mti aliokuwa akiuchonga katikati ya gogo na nguzo yake, gogo likakwama. Marwa hakufika chini kabisa, ila alikuwa ameshajipigiza kwenye matimba na nyonga imevunjika. Tulimtoa akiwa hai. Wenzetu wakamlaza juu ya ngazi, wakambeba kwenda zahanati, nami nikabaki nimesimama pale pale.

Mzee Wambura hakunipiga. Ningefurahi kama angenipiga.

"Wewe Mwita, ulisema upo."

"Nilikuwepo, tata, baba yangu. Sijachoka mimi. Mwanaume hachoki."

"Nani kakudanganya?" Alisema polepole, anafuta mikono kwenye suruali. "Kisu kile ni cha asubuhi moja, kijana. Unakaza meno, kinapita, unarudi nyumbani unaimbiwa. Kamba ni ya kila siku. Umeona nani anaimbiwa kwa kuvuta kamba? Ukikaza meno kila siku utayavunja, na mwenzako utamvunja. Mnafikiri kusema 'sipo' ni kupepesa jicho. Woga ni huu wako, kusema 'nipo' na wewe hupo." Kisha akaokota shoka lake. "Nenda kwa Marwa. Umwambie ulikuwa umechoka. Hivyo hivyo, usiongeze kitu."

Nikaenda Gorong'a. Mama yake Marwa akanipa kigoda, akatuacha. Njia nzima nilikuwa nimeyashika yale maneno. Nilipomwona amelala pale, mtu niliyesimama naye mbele ya kisu, maneno yakanigeuka mdomoni. Nikasema, "Ndugu yangu, kamba ilikuwa na umande. Iliteleza."

Marwa alinitazama. Kamba ile aliifunga yeye mwenyewe, na alijua vizuri kwamba mvuta kamba hashiki kamba, anashika mpini.

"Kumbe ni kamba," akasema. "Haya. Pole na kazi." Akageukia ukutani.

Alipona, akawa anachechemea. Hakushuka tena shimoni. Mwaka haukuisha akavuka mpaka pale Sirari, akaenda kulima kwa wajomba zake. Nami nikabaki na wachimbaji wengine, watu wazuri, lakini hakuna aliyekuwa akiimba kule chini wimbo wa kuwaita ng'ombe jioni, sauti ikipanda na vumbi. Marwa alikuwa akiimba. Nilimkosa sana. Nakuambia waziwazi, maana nimejifunza kwa shida kusema waziwazi.

Na yule msichana wa Susuni ndiye mama yako. Tulipooana nikamsimulia jinsi nilivyokimbizana na yule mtu wa ng'ambo, akacheka mpaka akakaa chini. Yule mtu alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi! Baba yake hakuwa na haraka, na yeye mwenyewe angeningoja. Haraka ilikuwa yangu peke yangu, na ningeulizia siku moja tu ningejua.

Miaka mingi baadaye nikapata moyo, nikavuka mpaka kumtafuta Marwa. Nilimkuta mjane wake anapalilia. Alipojua jina langu akaweka jembe chini. "Alikuwa akikutaja," akasema. "Alituambia, Mwita akija niiteni hata kama niko shamba la mbali." Akanionyesha kaburi nyuma ya nyumba. Nikasimama pale nikasema, "Marwa, nilikuwa nimechoka." Maneno mawili tu, mwanangu. Nililia kama mtoto, na majani yalikuwa yameshaota juu ya kaburi.

Sasa nisikilize. Kazi yako ipende, uifanye kwa moyo wote, nami naona fahari nikisikia wageni wanausifu mkono wako. Lakini ukiwa jikoni uwe jikoni, na ukiwa nyumbani uwe nyumbani. Pumzika kabla mwili haujajipumzisha wenyewe, maana wenyewe hauchagui mahali. Likikusumbua jambo, liulizie, usilale nalo ukilikuza. Huenda ni mtu wa mbuzi. Ukielemewa, mwambie unayefanya naye kazi. Usituambie mimi na mama yako tu, sisi tuko mbali na mafuta yanayochemka. Mwambie huyo aliyesimama karibu nawe. Na ukikosea kwa uchovu, usiisingizie kamba. Kosa watu husamehe. Marwa angenisamehe siku ile ile, alikuwa akiningoja niseme.

Mungu aitie nguvu mikono yako na kuulegeza ulimi wako. Chakula unachopika kikushibishe na wewe. Akupe rafiki wa kazi kama niliyepewa mimi, na akupe ukweli wa kumwambia angali hai.