Kikombe cha Kwanza kwa Shire

Kithimani nzima hakuna mtu anajua baridi kama Kisilu. Kama unabisha, muulize mwenyewe, atakuambia hata kama uko na haraka zako. Friji za soko lote zimepitia hiyo mikono yake, na ndio maana Shire, muuza maziwa ya ngamia, kila asubuhi akifungua friji anammiminia Kisilu kikombe cha kwanza. Kikombe cha fundi.

Sasa hiyo asubuhi kikombe kikampita puani kikaenda kwa Mbithi.

Huyu Mbithi, Kisilu ndiye alimfundisha kushika spana. Siku hizi yuko ng'ambo, amerudi likizo tu, anafanya kazi kwa maabara ya kompyuta za kwantamu, zile haziwezi kufanya kazi mpaka zipozwe karibu na mwisho wa baridi yote. Akamweleza Shire vile wengi wanapoza na heliamu, gesi adimu na ghali, lakini wao wameiacha, wanatumia sumaku na chumvi fulani. Sumaku ikikaza, chumvi inatema joto. Ikilegea, chumvi inapoa kupita barafu mara nyingi sana.

Shire akabaki mdomo wazi. Kisilu akainua mfuniko wa friji, akauegemea kama mwenye duka, akaanza kutafuta shimo kwa hayo maneno.

"Na hiyo yako inaweza kupoza huu mtungi wa maziwa?"

Mbithi akacheka. Akasema hata kijiko cha maziwa haiwezi. Nguvu yake ni kidogo, na baridi ikiisha lazima sumaku ianze upya. Tena kompyuta ikikua, waya zinakuwa nyingi, na kila waya inaingiza joto. Hapo wenye heliamu bado wanawashinda.

Kisilu alisikia raha kama ameoa tena.

"Kumbe inachoka. Hii yangu haichoki, kijana. Iko hapa tangu ukivaa kaptura."

Akaipiga friji makofi, akasimulia kila mashine amewahi kufufua mpaka Masinga, mfuniko uko juu, jua linamulika mitungi.

"Fundi," Mbithi akasema polepole, "si wewe uliniambia mfuniko wazi ni mlango wa joto? Hiyo ndio kazi nafanya huko. Natafuta tu mahali joto linaingilia."

Shire akafunga mfuniko. Halafu akammiminia Kisilu chake, kikombe kimejaa, na heshima yote.

Maziwa yalikuwa vuguvugu. Kisilu akayanywa mpaka chini, akasema ni matamu, macho yake kwa kikombe cha Mbithi, ambacho bado kilikuwa kinatoa jasho nje kwa sababu ya baridi.