Mabano ya Ukurasa wa Arobaini

Juzi nilikuwa kwa mama mmoja anayepiga taipu hapa Busia, mwalimu wa Nambale alipokuja kuchukua tasnifu yake ya uzamili wa hisabati, aipeleke chuoni kesho yake. Mashine haina alama zile za hesabu, kwa hiyo mama huacha nafasi, mwalimu azijaze kwa kalamu.

"Mwalimu, kwenye ukurasa wa arobaini ulifungua mabano na hukufunga. Mimi sikufunga, sijui unataka nani abaki nje."

Mwalimu alipitisha kidole kwenye mstari, akaketi, akavua miwani akicheka.

"Wasimamizi wawili wamesoma hii! Kwani mama unaelewa hesabu?"

"Hata kidogo. Lakini mlango wazi nauona."

Safu hii ameichapa yeye. Ukiona kosa, ujue nilikataa kumsikiliza.